Jua la Pioneer na Saa ya Mombasa

Nitaanza na mbaazi, maana ndizo zilizonipa ilani ya kwanza, nami nikaipuuza.

Nilipopata kazi ya ufundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo huko Eldoret, nilipanga nyumba mtaa wa Pioneer. Jina lenyewe ni la Kiingereza na maana yake ni mtangulizi, ingawa mimi sikumtangulia mtu yeyote huko. Mji huo ulizaliwa na nambari. Ulianza kama shamba nambari 64 katika ramani ya walowezi, na hata leo, baada ya kutangazwa jiji Agosti 2024, wazee wa Kikalenjin bado huuita Sisibo, yaani hiyohiyo 64. Na hao Makaburu wa Afrika Kusini waliokwenda kuukalia mwaka 1908 walishukia wapi? Mombasa. Basi nikajiambia, kila mwenye makuu huko juu alipitia kwetu kwanza. Huo ndio uliokuwa msimamo wangu nilipopanda basi.

Mama watoto alinifuata na gunia la nazi na kibaba cha mbaazi. Jumapili ya kwanza akazibandika. Saa nzima, mbaazi ngumu. Saa mbili, mbaazi bado zinagonga sufuria kama changarawe. Nikamlaumu muuzaji, nikalaumu kuni, nikakaribia kumlaumu mpishi, Mwenyezi Mungu akaniepusha na balaa hiyo. Jirani yetu, mama wa Kinandi, akacheka kwa adabu, akatuletea sufuria ya presha. Sababu ni kwamba Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, na maji yanachemka mapema, kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Yanatokota, yanafoka, yanapiga kelele kama kawaida, lakini moto wa kuivishia mbaazi hayana. Nimewajua mabwana wakubwa wa afisini wenye tabia hiyo, lakini hayo tuyaache.

Ningekuwa na akili, siku ile ningelisema: kama maji ya huku hayafuati desturi ya Mombasa, kuna nini kingine kisichofuata? Sikusema. Nikanunua sufuria ya presha, nikalala.

Ramadhani ya mwaka 2024 ikaingia mwezi wa Machi. Zamu yangu ilikuwa ya mchana, kuanzia saa 8 hadi saa 4 usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Ndani ya kiwanda kile jua halijulikani. Dirisha hakuna, taa zinawaka mchana na usiku, na mitambo ya kufuma inavuma hata adhana ya msikiti wa jirani usingeisikia. Waislamu tulikuwa 12 katika zamu hiyo. Msimamizi wetu, Mkristo, muungwana sana, akaniita akaniuliza, "Fundi, jua lenu linazama saa ngapi, niwapangieni mapumziko ya kula?"

Kwa nini aliniuliza mimi? Kwa sababu mimi ni mtu wa Mombasa. Na kwa nini nilijibu? Kwa sababu hiyohiyo. Nikatoa simu, nikafungua programu ya nyakati za sala, nikamwandikia ratiba ya mwezi mzima kwa mwandiko mzuri, akaibandika ukutani.

Kijana mmoja wa Mumias akaisoma, akanijia taratibu. "Shikamoo Fundi. Mbona msikitini kwetu wanachelewa kidogo kuliko hapa?" Jamani, Mumias! Uislamu ulifika huko tangu enzi za Nabongo Mumia, na kijana amelelewa chuoni kama nilivyolelewa mimi. Lakini nikamtazama kama mtu wa bara aliyesilimu juzi. Nikamwambia, "Mwanangu, simu hii inapata wakati wake kutoka angani." Akanyamaza kwa heshima. Ile heshima yake ndiyo iliyoniumiza zaidi baadaye.

Siku tano tulifuturu kwa ratiba yangu. Tende, maji, kaimati za mama watoto, tunasali, tunarudi kwenye mitambo.

Jumapili ikawa siku ya mapumziko. Kabla ya magharibi nikatoa mkeka kibarazani pale Pioneer, nikaweka kikombe cha uji na tende zangu tatu. Simu ikaadhini. Ilikuwa saa 12 na dakika 34. Nikapiga bismillahi, tende ya kwanza ikaingia kinywani.

Mzee mmoja wa Kinubi, mzaliwa wa Eldama Ravine, alikuwa akipita na fimbo yake kuelekea msikitini. Akasimama. Akanitazama mimi, akatazama magharibi, akanitazama tena.

"Mwanangu," akasema, "na hilo jua utalifanyaje?"

Nikageuka. Lo! Jua lilikuwa pale pale, zima, jekundu, limekaa juu ya miti kama mgeni ambaye hajaagwa. Mawingu ya siku zile hayakuwapo. Nikaitema tende mkononi. Simu bado inaadhini, jua bado linaniangalia, na mzee wa watu amesimama akingoja jibu ambalo sikuwa nalo.

Lilizama dakika 18 baadaye. Nilizihesabu zote.

Sasa, ndugu msomaji, simu haikusema uongo, nami sitaki kuisingizia. Siku nilipoiweka programu ile nilikuwa kwetu Mombasa. Iliniuliza kama naipa ruhusa ya kujua nilipo. Mwanangu alikuwa amenionya kwamba vitu hivi vinachunguza watu, basi nikaikatalia. Nikaichagulia mji wa Mombasa kwa mkono wangu, nikapanda nayo hadi Eldoret, nayo maskini ikaendelea kuniadhinia nikiwa Mombasa. Ilifanya kama ilivyoamriwa. Karani mwaminifu ni yule anayekuandikia hata kosa lako kwa hati nzuri.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la saba. Dunia inazunguka digrii 360 kwa saa 24, kwa hiyo kila digrii moja ni dakika 4. Mombasa iko karibu na digrii 39.7 mashariki, na Eldoret karibu na digrii 35.3. Tofauti ni digrii 4.4, na ukizidisha kwa 4 unapata dakika 17 na nusu na ushei. Jua linawafikia wenzetu wa Pwani kwanza na kuwaaga kwanza. Huo ndio wastani. Mwezi wa Juni pengo la magharibi linapanuka, Desemba linapungua, kwa kuwa Mombasa iko kusini zaidi ya ikweta. Ule mwezi wa Machi lilikuwa karibu na wastani wake.

Tena liko jambo lililonishangaza zaidi. Saa tunayoitumia Kenya nzima si ya Mombasa wala ya Eldoret. Tumetangulia saa ya Greenwich kwa saa 3 kamili, na hiyo ni saa ya jua la digrii 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Kenya yote iko magharibi ya mstari huo, hata Lamu. Kwa hiyo saa zetu za mkononi zinapogonga saa 6 mchana, jua kwa wastani bado halijafika utosini mwa Mkenya yeyote. Eldoret hulichukua dakika 39 zaidi, Mombasa 21. Saa ni mapatano ya watu, ili garimoshi lisigongane na garimoshi na mfanyakazi asipate kisingizio. Nayaheshimu mapatano hayo, na mshahara wangu unahesabiwa kwayo. Lakini mfungo haukupatana na serikali. Mfungo unafuata jua, na jua linazama mahali ulipo wewe, si mahali ulipozaliwa.

Wa kale waliijua habari hii. Katika miji mikubwa ya Kiislamu msikiti ulimwajiri mtu wa kupima nyakati, akiitwa muwaqqit. Ibn al-Shatir, bingwa wa falaki wa karne ya 14, alikuwa na kazi hiyo katika Msikiti wa Bani Umayya kule Damascus, na alichopima kilikuwa kivuli cha Damascus. Hakuagizia ratiba ya Makka. Na siku zetu hizi, mwaka 2011, Mufti Mkuu wa Dubai alitoa fatwa kwamba wakaao juu ya ghorofa ya 80 katika jengo la Burj Khalifa wangoje dakika 2 zaidi kabla ya kufuturu, na walio juu ya ghorofa ya 150 wangoje 3, kwa sababu huko juu jua bado wanaliona. Jengo moja, magharibi tatu! Nami nilitaka jua moja litoshe kutoka Kilindini hadi Sisibo.

Usiku ule nilikwenda kwa imamu. Akanisikiliza, akasema dhambi hatuna inshallah, kwa kuwa tulidhani jua limezama, lakini siku zile ni deni, tuzilipe kadha. Nikajaribu kujitetea. Nikamwambia, "Maalim, alfajiri nayo nilifuata saa ya Mombasa. Kila siku niliacha daku dakika 18 kabla ya wenzangu wa hapa. Jumla ya njaa ni ileile." Akacheka mpaka akashika ndevu. "Fundi, sharia si duka la kurudishiana chenji."

Siku 5, watu 12. Ni siku 60. Ile yangu ya Jumapili ilikuwa ya 61, nayo nilijua ni ya peke yangu.

Jumatatu niliingia kazini mapema, nikabandua karatasi yangu ukutani. Wenzangu walipofika nikawakusanya kando ya mtambo, nikawaeleza. Nimetengeneza mitambo miaka mingi, nimewahi kuunguza mota mbele ya mkurugenzi, lakini sijapata kusimama mbele ya watu nikiwa mdogo namna ile. Mmoja alisema, "Basi zangu utanilipia wewe, Fundi," wote wakacheka, nami nikajua hakuwa akifanya mzaha wote. Yule kijana wa Mumias hakucheka. Hakusema hata "nilikwambia". Nikamwomba radhi mbele ya wote, kisha nikampa kalamu aandike ratiba mpya.

Hapa ndipo nitakapowaudhi baadhi yenu, wasomaji wa Pwani. Tunapopanda bara tunachukuliwa kuwa maalim kabla hatujafungua kinywa, na tunaipenda heshima hiyo. Tunaulizwa mambo ya dini kwa sababu ya lafudhi yetu na kanzu yetu, nasi tunajibu kwa lafudhi na kanzu. Kijana wa bara aliyesoma anatuuliza swali la haki, tunamjibu kwa kabila. Mimi nasema Upwani si elimu. Aliye Eldoret na aulize watu wa Eldoret, aangalie ratiba iliyopo kwenye ukuta wa msikiti wa mtaa, ambayo mimi nilipita mbele yake kila Ijumaa bila kuisoma. Na wale wanaosikiliza redio za Pwani kwenye simu zao wakiwa Kitale, Kakamega au Kampala, wafaidi mawaidha na kasida, lakini adhana ya magharibi inayotoka humo ni ya watu wa Pwani.

Msimamizi wetu alipopewa ratiba mpya aliisoma akakuna kichwa. "Kumbe Mungu wenu ana saa za Mombasa na saa za Eldoret?" Nikamweleza habari ya digrii na dakika. Akafikiri kidogo, akasema, "Dakika 18 si mchezo, Fundi. Huku kwetu mtu hukimbia kilomita 6." Kisha akasogeza mapumziko bila neno jingine, na mtambo mmoja ukangojea.

Kadha zangu nilizimaliza kabla ya Ramadhani iliyofuata. Wenzangu walikuwa wakinipa hesabu mmoja mmoja, kama watu wanaolipa chama. Akabaki mmoja, aliyekuwa amehamia Mombasa kwa kazi ya bandarini. Jioni moja akanipigia simu.

"Fundi, leo namaliza ya tano. Lakini deni ni la Eldoret, nami niko Mombasa. Nifuturu kwa saa gani?"

"Dirisha lako limeelekea wapi?" nikamwuliza.

"Baharini."

"Basi kaangalie upande wa pili."