MAJINA YETU: Nengapeta



Baba mmoja mchimbaji alirudi Kindu toka machimboni, akakuta mke wake amezaa binti. Safari ile dhahabu yake ilikuwa imeuzwa vizuri. Akasema: «Tumwite Mali. Huyu amekuja na baraka.»

Mama akajibu: «Hapana, baba watoto. Mimi nataka Nengapeta.»

«Ile jina ni ya wapi? Hapa kwetu sijasikia hata siku moja!»

Kweli, hapa kwetu ni jina la nadra. Lakini mwenyewe tunamjua wote: ni Anuarite, tunayemkumbuka kila tarehe 1 Desemba. Alizaliwa mwaka 1939 upande wa Wamba, kwa Wabudu. Wazazi walimwita Nengapeta, maana yake: mali hudanganya. Yaya wake alipompeleka shuleni, majina yakachanganywa, naye akaandikwa kwa jina la yaya: Anuarite, maana yake: mimi nacheka vita. Basi, kosa la daftari likabaki.

Akaingia utawa katika shirika la Jamaa Takatifu. Usiku wa kuingia 1 Desemba 1964, wakati wa vita vya Wasimba, aliuawa kule Isiro kwa sababu alimkataa kanali aliyemtaka kwa nguvu. Tarehe 15 Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa. Tangu hapo wasichana wengi, hata na shule, wamepewa jina la Anuarite. Nengapeta likabaki nyuma.

Turudi nyumbani kwa mchimbaji wetu. Alikasirika: «Mali ndiyo inatulisha! Unaitukana?»

Mama akauliza polepole: «Ile pikipiki ya mwaka jana iko wapi?»

Baba akanyamaza.

Ndugu, jina hili halisemi mali ni mbaya. Ndiyo inanunua chumvi, inalipa shule na dawa. Linasema tu mali hudanganya: leo iko mkononi, kesho shimo limekauka. Wazee wa Kalima wanajua. Walikuwa na kampuni ya bati, SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976. Nani alifikiri itakwisha? Miaka ya 1990 haijaisha, imekwisha.

Na ninyi wazazi, mkichagua jina, lolote lile, mwambieni mtoto maana yake, asije akabeba mzigo asioujua. Tena mwandikisheni serikalini kabla ya siku 90 kupita, na mtaje herufi moja moja, lisirudi tena lile kosa la daftari.

Yule baba alikwenda kuandikisha yeye mwenyewe. Karani alipouliza, «Nenga nini?», akarudia mara tatu, kisha akaeleza na maana. Baba angali anachimba. Lakini sasa, akiuza, fungu la kwanza anampa mama wa Nengapeta kabla hajapita sokoni.