Karteri ya kamioneti ni sehemu ya bei ya mahindi



Sisi tulisomea udongo, mbegu na mbolea. Kule kwenye institi ya kilimo hakuna aliyetufundisha karteri ya gari. Lakini msimu uliopita wa kuvuna tulikuwa ndani ya kamioneti ya koperative moja ya upande wa Mokambo, mifuko 20 ya mahindi nyuma, wakati tumbo la motere lilipogonga kisiki. Gari halikusimama. Taa nyekundu ya mafuta ikawaka. Shofere akasema: "Ile taa haina maneno, tutafika tu, ni karibu." Na sisi, pamoja na diploma zetu, tukanyamaza. Hatukufika. Motere ilipiga kelele kama mtu anayetwanga mawe, kisha ikafa.

Karteri ni lile bakuli la chini linalobeba mafuta ya motere. Pompa inavuta mafuta mule na kuyapeleka juu, ili chuma kisisage chuma. Bakuli likipasuka mafuta yanamwagika, pompa inavuta hewa, na dakika chache zinatosha kuharibu kila kitu. Kama tungezima palepale, tungenunua karteri. Kwa sababu tuliendelea, koperative ilitafuta motere nzima.

Lakini kilichotuuma zaidi ni mkutano uliofuata. Watu walibishana mpaka jioni: nani alipe? Wengine walisema shofere, ni yeye alishika usukani. Wengine walisema komite. Mmoja akauliza, "Karteri ni ya nani, ya shofere ama ya koperative?" Wakati huo mahindi yalikuwa yamelala ghalani. Wanunuzi wakaja na kamio yao, mizani yao na bei yao. Wanachama wakauza, maana watoto walingoja pesa za shule.

Maoni yetu ni haya: karteri si adhabu ya shofere. Ni gharama ya kuuza mahindi, sawasawa na mifuko na kamba ya kushonea. Barabara zetu tunazijua. Mvua ikikatika Aprili, matope yanakauka na kuacha mifereji migumu na mawe yaliyotokeza. Ndiyo miezi ileile tunayosafirisha mavuno. Kitu kinachojulikana kwamba kitakuja, kinahesabiwa kabla hakijaja.

Tufanye hesabu ya mfano. Bei za kweli mtaziuliza wenyewe, maana zinabadilika pamoja na dola. Tuseme karteri ya okazioni ni franka 150.000, mafuta mapya na filtre 100.000, kazi ya mekanisie 50.000. Jumla 300.000. Sasa tuseme mnunuzi anayekuja shambani anapunguza franka 5.000 kwa kila mfuko. Mkiuza mifuko 60 kwake, mmekwisha kupoteza 300.000. Mifuko 60 ni safari tatu tu za kamioneti! Na koperative inayosafirisha mifuko 600 ikitenga franka 500 kwa kila mfuko, ina 300.000 ile mkononi kabla kisiki hakijaonekana.

Mtu atasema: "Deni la mbolea halijalipwa, na ninyi mnatuomba tuweke falanga kwa ajili ya chuma?" Tunamwelewa. Lakini deni la mbolea linalipwa na mahindi yaliyofika sokoni, si yaliyo ghalani. Tena sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyotiwa sahihi tarehe 15 Desemba 2010, inaagiza kutenga akiba kabla ya kugawana faida. Kuweka akiba si jambo geni kwetu. Geni ni kuiweka kwa ajili ya gari. Iandikwe katika daftari lake, mtunza-pesa aisome mbele ya watu wote kila mkutano.

Pesa peke yake haitoshi. Tunaomba komite zikubaliane mambo haya:

Kila asubuhi, gari likiwa limesimama pahali tambarare na motere ikiwa baridi, shofere apime mafuta kwa kijiti chake na kutazama chini kama kuna matone.

Taa nyekundu ikiwaka, zima motere palepale, hata kama kijiji kinaonekana. Shofere aliyesimama asikaripiwe kwa kuchelewa. Na abiria aliyeona taa aseme.

Sabuni ya kipande si dawa. Inaweza kusaidia kidogo tanki la esanse linalovuja, lakini mafuta ya motere yanakuwa ya moto sana, na sabuni inalainika na kutoka.

Mkienda kununua karteri Lubumbashi ama ng'ambo ya mpaka, Mufulira, bebeni ile ya zamani. Gari la jina moja linaweza kuwa na motere za aina mbalimbali. Karteri ya chuma cha kawaida wakati mwingine inanyooshwa na kuchomelewa. Ya alimini mara nyingi inapasuka, na kuichomelea kunaomba fundi anayejua. Kabla ya kukubali bei ya kazi, uliza kama motere itainuliwa: kwenye magari mengine karteri haitoki bila hiyo, ndipo bei inapopanda.

Fundi wa chuma anaweza kukata bamba nene na kulifunga chini ya motere. Likipigwa na jiwe, linapigwa lenyewe.

Na hili ni la kwetu hasa, watu wa udongo: mafuta machafu yasimwagwe shambani wala karibu na kisima. Yanaharibu udongo na maji. Yawekwe katika bido lenye kifuniko, yarudishwe garaji.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliuona ufa ule, taa ilituwakia usoni, tukanyamaza. Ndiyo maana tunaandika sasa, kabla ya mavuno. Kwenye mkutano wenu ujao ulizeni swali moja: karteri ikipasuka kesho, pesa iko wapi? Kama hakuna anayejibu, anzeni na mfuko wa kwanza utakaopakiwa.