Biti Si Baiti: Tujue Kipimo Tusije Tukapunjwa

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: hata dakika bila hesabu hupotea bila habari. Nasema hivi kwa sababu jambo hili lilitufika mimi na wenzangu wa Chama cha Kiswahili hapa Mtito Andei, na hadi leo linaniuma.

Tulikuwa tumerekodi ngonjera yetu kwa ajili ya mashindano fulani. Video yenyewe ilikuwa megabaiti 600, na mwisho wa kuituma ulikuwa siku hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni. Tulifika saiba saa kumi na dakika arobaini. Ukutani palibandikwa karatasi iliyoandikwa "Kasi 2M". Mwenzetu mmoja, hodari wa hesabu, akakokotoa mbio mbio: 600 gawanya kwa 2 ni sekunde 300, yaani dakika 5. "Aa, muda upo tele," akasema. Tukaagiza hata soda. Kumbe! Saa kumi na moja ilipogonga, video ilikuwa ndiyo kwanza imefika nusu ya safari. Jasho la muhula mzima likaenda na maji.

Je, kosa lilikuwa wapi? Ile "2M" ilikuwa megabiti kwa sekunde, ilhali video ilipimwa kwa megabaiti. Baiti moja ni biti 8. Kwa hivyo ilitupasa kuzidisha 600 kwa 8, tupate 4,800, kisha tugawanye kwa 2. Jibu ni sekunde 2,400, yaani dakika 40 kamili. Sisi tulikuwa na dakika 20 tu!

Mpenzi msomaji, bila shaka utauliza: mbona watu wa simu na watu wa kompyuta wasitumie kipimo kimoja? Sababu ni kwamba kila ukoo ulianza na kazi yake. Watu wa simu walitaka kusafirisha sauti. Walipoigeuza kuwa tarakimu, waliipima mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo kikachukua biti 8. Ndipo ikapatikana njia ya biti 64,000 kwa sekunde kwa mazungumzo ya mtu mmoja na mwenzake. Wakakusanya njia 32 kama hizo katika laini moja iitwayo E1, yenye biti 2,048,000 kwa sekunde. Njia 30 ni za mazungumzo, na 2 zilizobaki ni za kuongoza laini yenyewe.

Watu wa kompyuta nao walitaka kuhifadhi maandishi, na herufi ya kawaida ilikaa katika baiti moja. Wakahesabu ghala zao kwa baiti. Ile flopi iliyoandikwa 1.44 ilibeba baiti 1,474,560. Ukiituma kwa njia moja ya simu ya biti 64,000, itachukua sekunde 184, dakika 3 na ushei. Asiyejua kuzidisha kwa 8 atakuambia eti sekunde 23! Vivyo hivyo, kisomeo cha kwanza cha CD kilitoa baiti 153,600 kwa sekunde. Zigeuze ziwe biti, utapata 1,228,800. Hizo ni sehemu 6 katika 10 za laini nzima ya E1.

Sasa tuje kwetu nyumbani. Mabasi ya Nairobi na Mombasa husimama hapa Mtito Andei abiria wakapata chai. Tuseme ungempa abiria mmoja kadi ya gigabaiti 64 iliyojaa, naye afike Mombasa baada ya saa nne. Gigabaiti 64 ni biti bilioni 512. Zigawanye kwa sekunde 14,400, utapata zaidi ya megabiti 35 kwa sekunde. Basi limeishinda ile saiba zaidi ya mara 17! Sikukejeli, nataka tu uone kwamba mwenye hesabu ana hiari ya kuchagua njia.

Wapo wanaosema, "Ya nini kujisumbua? Simu yenyewe itakuonyesha muda uliobaki." Sawa, lakini itakuonyesha ukishaanza, na pengine ukishalipa. Tena angalia wanavyotuuzia: bando wanapima kwa baiti, kasi wanatangaza kwa biti. Gigabaiti 1 kwenye kasi ya megabiti 2 huisha kwa dakika 67 hivi. Sokoni, mtu akikuahidi debe akakupimia gorogoro, utanyamaza? Wazee wetu wa pwani walijua kuwa pishi moja ni vibaba 4, na hakuna aliyewachanganya. Biti ni kibaba na baiti ni pishi, ila pishi hii ina vibaba 8.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yafanywe. Kwanza, wauzaji waandike neno zima, "megabiti kwa sekunde", wala si herufi M peke yake. Pili, walimu wetu watufundishe kugeuza vipimo hivi tangu mapema, pamoja na kilo na lita. Tatu, sisi wa Chama cha Kiswahili tuyatumie maneno haya mawili kwa usahihi. Kwa vifupisho vya Kiingereza, tofauti ni b ndogo na B kubwa tu, na jicho la mtu mwenye haraka huikosa. Kwa Kiswahili, biti na baiti yanasikika tofauti hata gizani. Lugha yetu imetupa taa. Mbona tutembee tukipapasa?

Ngonjera yetu haitarudi kwenye mashindano yale. Yaliyopita si ndwele. Lakini wewe unayesoma, siku ukienda kutuma jambo lako la maana, usisahau kuzidisha kwa 8 kabla ya kuagiza soda.