Si Kila Mstatili ni Taifa

Miaka michache iliyopita nilitaka kujua wakazi wa Dar es Salaam wanasema nini mtandaoni kuhusu mgawo wa umeme. Wakati huo Twitter, kabla haijaitwa X, ilikuwa bado ikiwaruhusu watafiti kuchota jumbe papo kwa papo kupitia kiolesura cha programu, na kuzichuja kwa kufuata mahali zilikotumwa. Niliandika vipimo vya jiji, nikawasha programu, nikasubiri malalamiko ya Mbagala na Kimara. Zikaja jumbe chache, tena za Kihispania.

Kosa lilikuwa langu. Shuleni tulizoea kutaja latitudo kwanza, kisha longitudo. Kichujio kile kilitaka kinyume chake: longitudo itangulie, na pembe ya kusini-magharibi ya mstatili iandikwe kabla ya ile ya kaskazini-mashariki. Dar es Salaam ipo takribani digrii 6.8 kusini na digrii 39.3 mashariki. Ukizipindua tarakimu hizo, unajikuta magharibi mwa Hispania, si mbali na mpaka wa Ureno. Na kama ningezipanga sawasawa lakini nikasahau alama ya kutoa inayoashiria kusini, ningeangukia Ethiopia. Kompyuta haikunionya, kwa kuwa kwake mahali popote duniani ni halali sawa na Kariakoo.

Nikasahihisha, kisha nikaongeza neno "umeme" ili nipate jumbe za Dar es Salaam zinazohusu umeme peke yake. Badala ya kupungua, jumbe zikafurika. Nilidhani neno na mahali vingeunganishwa kwa "na". Kumbe viliunganishwa kwa "au". Nilikuwa nikipokea kila ujumbe wa Dar es Salaam hata kama unahusu mpira, pamoja na kila ujumbe wenye neno hilo kutoka kokote. Wengi walikuwa Waganda, kwani Umeme lilikuwa pia jina la kampuni iliyokuwa ikisambaza nishati hiyo nchini mwao.

Nilipopanua mstatili ili uenee nchi nzima, ndipo nilipoona tatizo ambalo ni kubwa kuliko kosa la tarakimu. Mpaka wetu wa kaskazini umelala kimshazari, kutoka Ziwa Victoria hadi Bahari ya Hindi. Mstatili haujui mshazari. Ukiuchora uiguse Tanzania kila upande, ndani yake unaingia mji wa Nairobi, unaingia Mombasa, unaingia Kigali. Mtafiti asiyefungua jumbe na kuzisoma moja moja atatuchorea grafu nzuri ya "maoni ya Watanzania", kumbe sehemu kubwa ya maoni hayo ni ya majirani zetu.

Dawa ya kiufundi ipo. Nchi hugawanywa katika mistatili midogo mingi inayofuata umbo lake, na kila ujumbe ukishapokewa huhakikiwa tena kwa msimbo wa nchi ulioambatana nao. Sharti la neno nalo hutekelezwa hapo, baada ya kupokea. Nilifanya hivyo, na jumbe zilizobaki zilikuwa kweli za Tanzania. Ila zilikuwa chache mno, na uchache huo ndio ulionifanya niandike makala haya.

Nyaraka za Twitter zenyewe zilieleza kuwa takribani asilimia 1 hadi 2 tu ya jumbe zilibeba alama ya mahali. Zilizobaki hazikupita katika kichujio cha mahali, hata kama mwandishi wake alikuwa amekaa Manzese gizani. Kichujio hakikusoma mahali ambapo mtu amejitambulisha katika wasifu wake. Na hata kingesoma, kingefanya nini na aliyeandika "Bongo", au "Kwa Mungu"? Aidha, kuwasha alama ya mahali ni uamuzi. Katika nchi yenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, tunaweza kukisia ni nani anayesita kuonyesha alipo: si mfanyabiashara anayetangaza duka lake, ni yule mwenye neno zito la kusema. Kwa hiyo kichujio hakitupi sampuli ndogo ya wananchi wote. Hutupa wale wasio na sababu ya kujificha.

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Siku hizi ripoti hazikosi sentensi ya aina hii: "Wananchi mitandaoni wameonyesha kuridhishwa." Nami nauliza: wananchi wepi, waliochotwa kwa mstatili gani, na wangapi waliachwa nje? Mtafiti anayeshindwa kujibu maswali hayo hajakosea katika jambo dogo la kompyuta. Amewasemea watu ambao hakuwasikia. Na waziri anayepanga kwa kutegemea grafu hiyo anaweza kuamini kwamba jiji limetulia, ilhali ameonyeshwa watu wa mji mwingine.

Mwaka 2023 mlango wa bure waliokuwa wakiutumia watafiti ulifungwa, na sasa data hizo hupatikana kwa wenye fedha. Maana yake ni kwamba wachache zaidi wataweza kuhakiki grafu tutakazoletewa. Ndiyo sababu nawasihi wanafunzi wangu waeleze katika tasnifu zao, ukurasa wa mwanzo wa sura ya mbinu, namna walivyochuja na kilichopotea katika kuchuja. Nawasihi wanahabari waulize hilo kabla ya kuchapa kichwa cha habari.

Mama lishe wa Tandika ambaye samaki wake wameoza katika jokofu lililozimika huenda hana simu janja kabisa. Hakuna tarakimu nitakayoandika itakayomwingiza katika mstatili wangu. Ikiwa kweli nataka kujua mgawo umemgharimu kiasi gani, sina budi kupanda daladala nikamuulize.