Mcheza Kwao Hutunzwa, Je, Watoto Wetu Watatunzwa na Nani?



Muhula uliopita watoto wa shule ya msingi ya hapa shambani hawakwenda kwenye mashindano ya shule ya muziki, ngoma na maigizo. Si kwamba hawajui kucheza. Ngoma mbili zilikuwa zimepasuka ngozi, mavazi hayakuwapo, na fedha za kukodi lori hazikupatikana. Mwalimu alikuwa amewafundisha wiki sita, kisha ikambidi kuwaambia warudi darasani. Sisi wazazi tulisikitika jioni moja, na kesho yake tukaenda kukata miwa kama kawaida. Hapo tulikosea, na ndiyo sababu tunaandika.

Wote tunajua shule ile ni ya watoto wa namna gani. Tangu kiwanda cha kwanza cha sukari cha Uganda kilipoanza Lugazi mwaka 1924, kazi ya miwa imewaleta watu kutoka mbali: Walugbara na Waalur wa West Nile, Waacholi, watu wa Rwanda na Burundi. Hapa Busoga wamekaa pamoja na Wasoga wenye nchi. Katika darasa moja utakuta watoto wa lugha saba au nane.

Miaka michache iliyopita tuliomba fedha za ngoma kwa wakubwa wa shamba. Zilitolewa, lakini kwa masharti. Watoto wacheze siku ya wageni, ngoma moja tu, dakika kumi. Wakacheza juani, wageni wakapiga makofi na picha, na jioni mavazi yakarudishwa stoo yakafungiwa kwa kufuli. Watoto wa makabila mengine walisimama kando wakitazama. Wazazi wakaanza kuulizana: kwa nini ngoma yao na si yetu? Hatusemi kwamba ngoma ile ndiyo iliyoleta utengano. Lakini mwezi uliofuata tulipoitisha mkutano juu ya ukubwa wa kipande, watu walikaa kikabila, kila kundi pembeni mwake, na hatukukubaliana hata neno moja. Nani alifaidika? Hakika si mkata miwa.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: fedha ya kwanza itoke mifukoni mwetu wenyewe. Asiyetoa kitu hana sauti ya kuchagua ngoma.

Wako ndugu wanaosema, "Mshahara hautoshi posho, nanyi mnataka fedha za ngoma?" Swali hilo ni la haki. Mshahara ni dai letu la kwanza wala hatuliachi. Lakini tufanye hesabu. Wanachama 300 wakitoa shilingi 500 kila mwezi, kwa miezi mitatu tunapata shilingi 450,000. Shilingi 500 ni pungufu sana ya bei ya kilo moja ya sukari, hiyo hiyo tunayoitengeneza kwa mikono yetu.

Tena si kila kitu kinanunuliwa. Vibuyu vya larakaraka ya Waacholi hupigwa kwa spoku za baiskeli, na baiskeli mbovu zimejaa kambini. Bigwala ya Wasoga ni tarumbeta za vibuyu, na vibuyu huota. Shule ina shamba, basi tupande. Wazee wanaojua kuwamba ngoma tunaishi nao, ila hatujapata kuwauliza.

Habari ya bigwala itufundishe. Zamani ilipigwa mbele ya mfalme wa Busoga. Serikali ilipozifuta falme mwaka 1967, bigwala ikakosa pa kuchezwa. Falme zikarudishwa mwaka 1993, lakini wajuzi walikuwa wamepungua sana. Mwaka 2012 UNESCO iliiandika katika orodha ya urithi unaotakiwa kuokolewa haraka, kwa kuwa waliobaki wakijua vema kuitengeneza na kuipiga walikuwa wazee wanne tu. Basi ngoma yaweza kufa katika umri wa mtu mmoja.

Na jambo jingine. Kila kibuyu cha bigwala kina sauti moja tu. Mtu mmoja peke yake hawezi kutoa wimbo. Watu watano au zaidi wakipokezana, kila mmoja kwa zamu yake, wimbo unatoka. Mtoto wa Kialur akishika kibuyu kimoja kati ya hivyo, na mtoto wa Kisoga akafundishwa adungu, kile kinubi cha Waalur, hawatahitaji hotuba zetu juu ya umoja.

Tukishatoa chetu, tubishe milango miwili. Wa kwanza ni shule. Tangu mwaka 1997 serikali inazipa shule za UPE fedha kwa hesabu ya wanafunzi, na sehemu ya fedha hizo ni ya michezo na muziki. Wazazi tuna haki ya kuuliza zimetumikaje. Wa pili ni mwajiri. Safari hii tusiende na barua ya kuomba. Katika mazungumzo yajayo ya mkataba tudai lori la kuwapeleka watoto mashindanoni kila mwaka, bila mtu kutuchagulia ngoma.

Tunajua kwa nini wengine wanasita. Michango imeliwa mara nyingi. Basi iundwe kamati ya watu kutoka kila kambi, akina mama wawemo, na mwalimu mmoja. Fedha hizi zisichanganywe na ada za chama. Kitabu cha hesabu kisomwe mbele ya watu kila mwezi, na atakayekula fedha ya watoto atajwe kwa jina mkutanoni.

Wazee walisema ngoma ya watoto haikeshi. Ni kweli, ikiwa wakubwa wamelala. Mkutano ujao wa tawi, ndugu, njoo na shilingi 500 na jina la mzee mmoja wa kambi yako anayejua kuwamba ngoma.