Kumtengenezea Asiyeweza



Ndugu wasomaji, waume kwa wake, nanyi vijana wetu mnaousoma ukurasa huu baada ya darasa, mwezi huu napenda tuzungumze juu ya sadaka isiyotoka mfukoni. Sayyidna Abu Dharr (R.A.) alimwuliza Mtume wetu (S.A.W.) juu ya amali zilizo bora, naye akatajiwa imani na jihadi, kisha kumwacha huru mtumwa. Alipouliza itakuwaje kwa asiyeyaweza hayo, Mtume alimwelekeza amsaidie mwenye kufanya kazi, au amtengenezee yule asiyejua kutengeneza. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na wengi wetu huipita upesi, kwani tumezoea kudhani ya kuwa sadaka ni fedha, futari na kanzu ya Idi.

Basi wako leo duniani mafundi na wanafunzi wa vyuo wanaojitolea kubuni vyombo kwa ajili ya watu ambao viwanda haviwaangalii, kwa kuwa hawana fedha ya kununulia: majiko, viti vya magurudumu, mashine za kupukuchulia mahindi. Kazi hiyo ni njema. Lakini ina adabu yake, na adabu hiyo ikikosekana, chombo huwa mzigo juu ya mtu aliyekuwa na mzigo tangu hapo.

Mfano ulio mashuhuri ni ile pampu iliyotoka Afrika ya Kusini, iitwayo PlayPump. Ilikuwa bembea la duara. Watoto hulisukuma likazunguka huku wakicheza, na kuzunguka kwake huvuta maji kutoka ardhini hadi kwenye tangi la juu. Fikra hiyo iliwapendeza wakubwa wa dunia, hata mwaka 2006 huko Marekani zikaahidiwa dola milioni 16.4 ili ienezwe. Haukupita muda mrefu ila ikaonekana kwamba watoto huchoka, na huenda shule, na wasipokuwapo mama zao na bibi zao hulizungusha bembea lile kwa mikono, jambo zito kuliko pampu ya mkono ya zamani, ambayo mahali pengine ilikwisha kung'olewa. Mwaka 2009 gazeti la Guardian la Uingereza lilipiga hesabu: ili pampu moja itoshe watu 2,500 kama ilivyonenwa, watoto wangelazimika kucheza saa 27 kila siku. Siku aliyoiumba Mwenyezi Mungu ina saa 24. Nia ya waliobuni siitilii shaka; lakini angeliulizwa mama mmoja mwenye ndoo kichwani, hesabu hiyo angeliitoa bure.

Mwasemaje, jambo hili liko mbali nasi? Na tutazame hapa hapa Mlingotini, kusini kidogo ya mji wetu wa Bagamoyo, ambako akina mama hulima mwani. Kwa desturi hupanda wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali: vigingi viwili mchangani, kamba katikati, na vipande vya mwani vimefungwa kimoja kimoja kwa taitai. Mwani ulio na bei nzuri ni ule uitwao kotonii, na ndio usiostahimili joto. Bahari ilipozidi kupata joto katika maji haba, kotonii ukapauka, ukakatika, ukapotea mahali pengi pa pwani yetu na Unguja. Mwani ukahitaji kuhamia kwenye maji mengi, yaliyo baridi zaidi. Na mama wa pwani, ingawa amezaliwa akisikia mawimbi, mara nyingi hajui kuogelea, wala hana ngalawa.

Katika miaka ya 2000 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Dakta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyoko Unguja, walifanya majaribio hapa Bagamoyo ya kamba zinazoelea kwenye maji ya kina, na madema yakategwa chini yake ili samaki wanaokuja kujificha kwenye mwani wawe pato la pili. Baadaye ikaletwa namna nyingine, iliyokuwa ikitumika Brazil: wavu mrefu mfano wa mfuko mwembamba, mwani hutiwa ndani yake, na mawimbi hayaung'oi.

Na hapa ndipo pa kutazama kwa makini. Akina mama wa Unguja walipoletewa wavu huo, ilibainika ya kuwa wavu peke yake hautoshi. Walihitaji chombo cha kuwafikisha, na walihitaji kujifunza kuogelea. Basi chombo kilichobuniwa kiligeuka kuwa vitu vitatu, na viwili kati ya hivyo havikuwa kwenye karatasi ya mbunifu yeyote. Huko Nungwi mabinti wamefundishwa kuogelea wakiwa na vazi la kuogelea linalositiri mwili wote, la namna ile aliyoibuni Aheda Zanetti, Mwislamu wa Australia, mwaka 2004. Mzazi aliyekuwa akikataa kwa sababu ya sitara hana tena sababu hiyo. Nawaomba akina baba wa Bagamoyo walifikirie hili bila hasira, kwani binti zetu huingia baharini kila bamvua.

Mimi silipendi neno moja la wenye miradi: mlengwa. Anayelengwa ni ndege, na mwenye kulenga ana manati. Katika mkutano wa wabunifu uliofanyika Arusha mwaka 2014, katika mfululizo ulioanzia chuo cha MIT huko Marekani mwaka 2007, wageni walikaa karakana moja na wanavijiji, nao wanavijiji wakashika nyundo. Chombo cha namna hiyo kikivunjika, yuko jirani wa kukitengeneza.

Vijana wetu waliojifunza useremala na uchomeleaji wanaweza kuanza na jambo dogo. Mwani ukianikwa chini huingia mchanga, ukishuka bei. Ukianikwa juu ya chanja hubaki safi. Chanja ni miti, wavu na misumari. Lakini kimo chake waulize wenyewe, kwani mwanamke aliyebeba gunia la mwani mbichi hainui mikono kama kijana wa miaka ishirini, na waulize pia ni nani atakayezihifadhi wakati wa masika. Watakaokuwa tayari waende siku za bamvua, kwa maana siku za maji mafu hawatamkuta mtu shambani.