Kazi za Ofisi Zitoke kwenye Simu za Watu

Ofisi nyingi za Dar es Salaam na Nairobi huendesha kazi kwenye makundi ya WhatsApp. Ankara ya mteja inatumwa, inafuatwa na tangazo la msiba, salamu za Ijumaa na picha za mahafali. Kesho yake mhasibu anaitafuta mpaka anachoka.

Dawa ipo: programu za mawasiliano ya kazini kama Slack. Slack ilianza kama chombo cha ndani cha Stewart Butterfield na wenzake, waliokuwa wakitengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Glitch huku wakiishi miji tofauti. Mchezo ulifungwa mwaka 2012, chombo kikabaki. Mwaka 2021 kampuni ya programu ya Salesforce ikainunua Slack kwa dola zipatazo bilioni 27.7. Ndani ya Slack kila mradi unaweza kuwa na chaneli yake, na anayeajiriwa leo anaweza kusoma yaliyoamuliwa mwezi uliopita.

Kwenye WhatsApp, mfanyakazi akiacha kazi anaondoka na simu yake, pamoja na nyaraka za wateja zilizomo. Hiyo ni hatari kubwa, hasa sasa ambapo Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya 2022.

Wakurugenzi wachague jukwaa moja, wawafundishe watu wao, na wao wenyewe wawe wa kwanza kulitumia.